Mwaka Niliokula Peke Yangu

Juzi tulimzika Jenerose. Baada ya kutoka makaburini tulikaa chini ya turubai, wanawake upande huu, wanaume upande ule, na kijana mmoja akawa anapita na kreti ya soda. Alipofika kwangu aliinua chupa nione kifuniko chake, akakibandua mbele ya macho yangu, akangoja niitikie kwa kichwa ndipo akanipa. Ndivyo tulivyo hapa Bujumbura. Chupa haifunguliwi nyuma ya mgeni, hata msibani, hata kama mgeni ni kizee ambaye hakuna anayejisumbua kumwombea kifo. Nikaishika ile chupa baridi bila kuinywa. Watu wa diploma walikuwa wanasimama mmoja mmoja kumsifu marehemu: alisoma Ulaya, alifundisha wengi, alikuwa mkali lakini wa haki. Yote kweli. Ila hakuna aliyetaja habari ya unga, maana waliokuwepo wakati wa unga wengi hawapo tena, na mimi niliyekuwepo sikusimama. Msidhani niliogopa. Nimeishia darasa la tatu, lakini nina mashine tatu za kusaga na nyumba ya matofali ya kuchoma, na sijawahi kumwogopa mtu kwa sababu amevaa tai. Sikusimama kwa kuwa habari yenyewe ni ndefu kuliko subira ya watu waliokwishaanza kutazama saa. Nimeiandika hapa. Asiyeitaka aiache.

Ya wazazi wangu siandiki. Kila mtu Burundi ana ya wazazi wake. Naanza pale nilipokuwa msichana mzima, nakaa Buyenzi katika chumba cha uani kwa Mzee Shabani, mwenye mashine ya kusaga. Kilikuwa na vitanda viwili. Kimoja changu, cha pili cha Asha, mwenzangu wa biashara, ambaye asubuhi moja alivuka mpaka kwenda Uvira akisema atarudi mambo yakitulia. Mambo hayakutulia. Kanga yake ilibaki imetundikwa kwenye msumari, na kwa kuwa ukuta wa chumba changu ulikuwa ndio ukuta wa mashine, kila Mzee Shabani alipowasha mtambo ile kanga ilitikisika na vumbi jeupe likashuka kutoka darini juu ya vitanda vyote viwili. Nilikung'uta changu. Cha Asha nilikiacha, kikawa cheupe kama kitanda cha mtu aliyefunikwa sanda. Leo ninayo nyumba ya vyumba vingi, na bado nikisikia mashine inawashwa alfajiri natazama ukutani kuona kama kuna kitu kinatikisika.

Ulikuwa mwaka wa embargo. Nchi jirani zilikuwa zimefunga njia, mafuta yakawa ya kutafutwa kwa watu wanaonong'ona, na mikoani vita vilikuwa vinaendelea. Mimi nilinunua muhogo mkavu kwa wanawake walioutoa bondeni, nikausaga kwa Mzee Shabani, nikaubeba kichwani katika beseni mpaka Kinama, kaskazini mwa mji. Mabasi madogo yalikuwa hayaaminiki, kwa hiyo nilikwenda kwa miguu, nikipita Kamenge ambako nyumba zilikuwa zimesimama bila mabati na bila milango. Wengine hawakuweza kupita njia ile. Sisi Waswahili wa Buyenzi tulipita. Askari wa bariyeri, kizuizi cha barabarani, alikuwa akinitazama ushungi na kusema, "Huyu ni Muswahili tu, apite," na wale wa ndani ya Kinama nao walisema vivyo hivyo. Makabila siyataji, anayejua anajua. Nasema tu kwamba mtu anayepita kila mahali kwa sababu si wa huku wala wa kule, siku mambo yakimgeukia hana pa kukimbilia.

Kinama nilikuwa na wateja wangu. Wa kwanza wao alikuwa Mama Nadine, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito, ambaye uani kwake ndiko nilikoshusha beseni. Kila nilipoleta unga mpya nilisonga bugali kidogo kwenye jiko lake, nikamega tonge, nikala mbele ya wote, ndipo nikauza. Warundi wanaita gusogongera: mwenye kinywaji anatangulia kunywa, ili mgeni ajue hakina kitu. Watu walikuwa wanakaguana kwa macho siku zile, na mimi niliona fahari kumeza tonge langu polepole huku wananitazama koo. Mama Nadine alikuwa akicheka. "We Zuhura unakula kama mutu anapigwa picha." Binti yake Nadine, wa umri wa kuanza kusoma vizuri, alikuwa akinisaidia kushika kibaba. Alikuwa na miguu myepesi. Alikuwa akiruka mfereji wa maji machafu mbele ya nyumba yao huku na huku bila sababu, kwa raha yake tu.

Habari niliipata kwa kusikia ukutani. Nilikuwa nimelala na homa, wanawake wako foleni upande wa pili wanangoja kusaga, mtambo umezimwa kidogo ili upoe. Mmoja akasema, "Kuna watoto kule Kinama wameamka miguu imekauka. Wanatembea kwa vidole kama mbuzi." Mwingine: "Ni polio." Wa kwanza: "Polio gani? Hata mama mutu muzima imemushika. Ni sumu ile." Kisha sauti ya tatu, chini kabisa: "Mi sisemi kitu. Lakini bunga yao inatoka wapi?" Na ya kwanza ikamkatiza: "Apana, nyamaza, chumba chake ni hiki hapa." Baada ya hapo nilisikia beseni zikiburutwa mbali na ukuta wangu.

Nilinyanyuka na homa yangu nikaenda Kinama. Nadine alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imenyooka mbele yake kama si yake. Haikumuuma, haikuvimba. Alipojaribu kusimama, magoti yaligongana na visigino vikakataa kugusa chini. Mama yake hakunipa kiti. Uani walikuwa wamejaa watu, na nyumbakumi wao, mzee mfupi aliyevaa koti la mvua hata siku ya jua, akaniuliza nimetia nini katika unga. Nikasema sijatia kitu. Nikasema leteni sufuria. Nikasonga bugali kwa unga uleule uliobaki ndani mwao, nikala wote, tonge kwa tonge, mpaka nikakwangua sufuria. Nikasimama mbele yao na miguu yangu miwili. Nilijua nimeshinda. Ndipo kijana mmoja nyuma akasema, "Amekunywa dawa yake asubuhi, huyo," na watu wakaguna kwa pamoja, na nikaona kwamba kadiri nilivyokula ndivyo nilivyojitia hatiani. Nyumbakumi akasema, "Daktari wa hospitali kubwa ameisha kuona hawa wagonjwa. Amepeleka bunga kwa watu wa kupima. Wakisema hakuna kitu, utarudi. Wakisema ni sumu, we mwenyewe unajua. Buyenzi si mbali."

Buyenzi haikuwa mbali, kweli. Maneno yalifika kabla yangu. Ndipo ulipoingia mwezi wa Ramadhani, na kwetu jua likikaribia kuzama sahani zinatoka mlango huu kwenda mlango ule: huyu uji, huyu sambusa, huyu tende mbili tatu chini ya kitambaa. Nilipika maharagwe ya nazi, na nazi siku zile uliitafuta kama dawa, nikapeleka kwa jirani aliyekuwa akinipokea kila mwaka. Alipokea. Alisema Mungu akuzidishie. Asubuhi sahani yangu ilikuwa mlangoni kwangu, na kitambaa kilikuwa kimekunjwa pembe nilivyokikunja mimi, na chakula chini yake hakijaguswa. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Mzee Shabani aliendelea kunisagia muhogo, lakini alianza kusaga wangu mwisho, wengine wakiisha kuondoka, na akawa anasema bila kunitazama, "Zuhura, mwanangu, haya ni maneno ya watu, yatapita." Chai yangu hakuinywa tena. Nilifuturu peke yangu juu ya kitanda, nikiwa nimegeukia kanga ya Asha.

Mimi si mtu wa kungoja. Nilifunga unga wangu katika mfuko, nikauliza mpaka nikaambiwa ni wapi wanapima, nikaenda. Ilikuwa nyumba ya zamani mjini, maabara, wenyewe wanaiita labo, korido ndefu, milango imefungwa kwa kufuli moja baada ya nyingine kwa sababu wenyewe walikuwa wamekimbilia nje ya nchi. Mlango mmoja ulikuwa wazi. Ndani alikuwa mwanamke amevaa koti jeupe lenye kiraka begani, amesimama mbele ya meza ndefu iliyojaa chupa ndogo. Vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vya manjano mpaka kwenye kucha, manjano ya ua, si ya manjano ya kupikia. Huyo ndiye Jenerose. Nikaweka mfuko mezani. "Madamu, mimi ndiye muuza unga wa Kinama. Pima huu. Halafu unipe karatasi useme hakuna sumu."

Hakushtuka. Akausogeza mfuko wangu kwa kalamu, kama mtu anayesogeza kiatu cha mwingine. "Mi sipimi ili niseme kitu unataka," akasema. "Napima, kisha nasema kitu nimeona. Na wako peke yake haunisaidii. Nataka wa wauzaji wote wa soko, na ule iko ndani ya nyumba za wagonjwa, na ule iko ndani ya nyumba za wazima. Na utaandikwa namba tu. Mi sitaki kujua ni wa nani."

"Kwa nini hutaki kujua? Si mimi ndiye nasingiziwa?"

"Ndiyo sababu."

Nikamwona ana kiburi. Nilikuwa nimekuja na chupa ya chai ya tangawizi na kikombe, kama mtu anavyokwenda kwa mkubwa, ingawa mwenyewe nilikuwa na saumu. Nikammiminia. Akakitazama kikombe, akatazama vidole vyake, akasema, "Merci, lakini apana. Humu sinywi." Nikakifunika kikombe changu nikaondoka. Njia nzima niliongea peke yangu. Hata huyu msomi, nilisema, hata huyu mwenye vyombo vya kuonea sumu, anaogopa chai yangu.

Lakini nilirudi, na unga alioutaka. Nani mwingine angeuleta? Kila muuzaji sokoni nilimnunulia kidogo, nikaandika namba juu ya kila mfuko, na kwa Kinama ilibidi twende wote wawili, kwa sababu mimi peke yangu nisingepokelewa. Jenerose alivua koti jeupe akavaa kitenge, tukatembea bila maneno mengi. Kule alichota unga kutoka juu ya gunia, katikati na chini, akachanganya, akasema unga wa juu haujui habari za chini. Kisha akafungua mfuko mwingine wa chupa tupu, akawaambia kwa Kirundi kwamba daktari anataka pia mkojo wa wagonjwa, maana sumu ikiingia mwilini mwili unaigeuza na kuitoa, na inapotoka inaweza kuhesabiwa. Mwanamke mmoja akaweka mikono kiunoni. "Yani mumetupa sumu, sasa munataka na mukojo? Na mavi mutarudi lini?" Uwanja mzima ulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Nadine aumwe kusikia mtu anacheka pale, na nilitaka kucheka nao, lakini nikaona wakinitazama nikajizuia. Jenerose alicheka mpaka akafuta macho. Wakampa mikojo. Mimi hawakunipa hata salamu.

Namna ya kupima aliniruhusu kuiona, maana nilikataa kuondoka. Alitia unga kidogo katika kichupa, akauloweka, akaning'iniza juu yake kipande cha karatasi ya manjano, iliyolowekwa katika dawa ileile iliyompaka vidole rangi, bila kugusa unga, akakifunga kwa kizibo mpaka kesho yake. Muhogo, alisema, una sumu yake yenyewe, Mungu ameiweka humo ili wadudu na panya wasiumalize. Ikiwa imebaki kwenye unga, itapanda kama hewa usiyoiona, iikute karatasi, na karatasi iache manjano iende kwenye wekundu wa udongo. Kidogo, itageuka kidogo. Nyingi, itakuwa kahawia kabisa. Alikuwa na mashine ya kusoma ile rangi kwa mwanga, lakini umeme ulikuja na kwenda unavyotaka, kwa hiyo alitengeneza safu ya vichupa alivyotia sumu kwa mkono wake mwenyewe, kidogo, zaidi, zaidi tena, ili alinganishe kwa macho. Na mwisho kabisa kichupa chenye maji matupu. "Huyu ni témoin," akasema. "Shahidi. Hana kitu ndani. Akisema ana kitu, ujue mi ndiye muongo."

Kesho yake nilifika kabla yake nikakaa koridoni. Alipofungua, nilivitazama vichupa vya unga kupitia bega lake. Manjano. Vyote manjano, safu nzima, kama vifaranga. Nikasema alhamdulillah, nikasema nipe karatasi niende Kinama sasa hivi, wale watu wanione. Jenerose alikuwa ameinama kwenye safu ile nyingine, ile aliyoitia sumu mwenyewe. Akakivuta kipande cha kwanza, cha pili, mpaka cha mwisho ambacho kilitakiwa kiwe kahawia. Nacho kilikuwa manjano. Akakaa kwenye kiti.

"Karatasi zimekufa," akasema. "Dawa niliyozitilia ilikuwa ya zamani. Hizi haziwezi kuona kitu."

"Lakini unga uko safi. Umeona kwa macho yako."

"Nimeona kipofu anasema hakuna mutu mulangoni." Akaanza kuzitoa karatasi zote moja moja na kuzitupa katika ndoo. Zangu pia.

Nilimshika mkono. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki yote. Nilimwambia kwamba yeye akikosea anarudia kesho, mimi wakikosea juu yangu sirudii. Nilimwambia aandike tu, nani atajua? Ni karatasi moja, na Nadine hatatembea wala hatalala zaidi kwa ajili ya karatasi moja. Hakuutoa mkono wake kwangu kwa nguvu. Alingoja niuachie. "Daktari anangoja hii namba ajue awape nini na awakataze nini," akasema. "Nikimwambia bunga ni safi, atatafuta ugonjwa mahali pengine, na wale watoto wataendelea kula. Mwingine ataamka hana miguu. Huyo naye utamuimbia alhamdulillah?" Nilitoka nikaubamiza mlango. Kwenye ile korido kishindo kilikwenda mpaka mwisho na kurudi, na hakuna mlango mwingine uliofunguka kuuliza kuna nini. Nilikuwa nimefika barabarani ndipo nikafikiri: na yeye anakaa humu peke yake kila siku.

Dawa mpya aliipata kidogo kidogo kwa wenzake wa hospitali, waliokuwa wakiitumia kupimia damu, na nao walikuwa wanaihesabu kama chumvi ya embargo. Kungoja kukachukua Ramadhani yote na zaidi. Idi nilisali safu ya nyuma. Sikwenda Kinama. Niliuza kidogo mtaa wa Mutakura kwa watu wasionijua, halafu nao wakajua. Nilizoea kupika chakula cha mtu mmoja, jambo ambalo mikono yangu ilikuwa haijui. Kila mara nilizidisha maji, na bugali uliobaki nilimpa bata wa Mzee Shabani, maana bata hasikilizi maneno ya watu. Nilikuwa najisemea kwamba mtu aliyejitengeneza mwenyewe hahitaji watu. Ni uongo. Aliyejitengeneza mwenyewe anawahitaji kuliko wengine, ili wamwone.

Safari hii ile safu ya sumu ilipanda rangi vizuri, kutoka manjano hadi kahawia, kama ngazi, na kichupa cha maji kikabaki manjano. Shahidi hakusema uongo. Kisha Jenerose akaweka karatasi za unga moja moja kando ya ngazi, na alipomaliza aliniita kwa kidole cha manjano. Karibu zote zilikuwa zimekwenda kahawia. Za nyumba za wagonjwa, kahawia. Za wauzaji wa soko, nyingi kahawia. Akanisomea namba, nikamwambia ipi ni yangu. Kahawia, kama wengine. Kulikuwa na unga mmoja tu uliobaki karibu na manjano, wa bibi mmoja wa sokoni ambaye wateja walimkimbia kwa sababu unga wake ulinuka.

Nikakaa chini sakafuni. "Basi wataniua."

"Nani alitia hii sumu?" akaniuliza.

"Mimi sikutia."

"Najua. Imo kwa wote. Ingekuwa mukono wa mutu, ingekuwa kwako tu, ao kwa mumoja tu. We unanunua kwa nani? Wanaloweka namna gani?"

Nikajibu bila kufikiri. Wale wanawake wa bondeni walikuwa hawaloweki tena kama zamani. Muhogo uliotakiwa ukae majini mpaka uvunde, ulainike, unuke, waliutoa upesi, kwa sababu ukiuacha kijitoni unaibwa, au wanakuja wenye bunduki na unakimbia na kuuacha. Wengine waliumenya wakauanika tu siku hiyo hiyo. Na walipanda mchungu makusudi, kwa kuwa mwizi haung'oi. Nilikuwa nayajua yote hayo. Nilikuwa hata nimefurahi, maana unga ulikuwa mweupe na haunuki, na wateja walinisifia.

"Mbona mimi natembea?" nikamwuliza. "Nimekula huohuo. Nimekula mbele yao."

"Unakula na nini?"

Ndagala, wale dagaa wa ziwani, nikasema. Maharagwe nikipata. Akaniuliza Mama Nadine anakula na nini. Nilikuwa nimekaa uani kwake mwaka mzima. Walikula na chumvi, na ilipokosekana chumvi walikula na maji, asubuhi na jioni, wiki baada ya wiki, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine. Jenerose akanieleza kwamba mwili unaweza kuifukuza sumu hii ikiwa ndogo, lakini samaki na maharagwe ndiyo yanaupa mwili nguvu ya kuifukuza. Asiye nayo, sumu inamkalia. Na mikojo ilisema hivyohivyo: ya wagonjwa na ya majirani zao wazima ilikuwa imejaa, tofauti ni nani aliyechoka kwanza. "Tonge moja mbele ya watu halisemi kitu," akasema. "Hata ungekula sufuria kumi. Kusogongera kunaonyesha sumu ya haraka. Hii ni ya polepole, na inategemea kiasi, na inategemea sahani yote." Ndivyo fahari yangu ya kula huku natazamwa ilivyokwisha, mchana, sakafuni, mbele ya mwanamke mwenye kiraka begani.

Kinama tulikwenda watatu, na daktari. Daktari alizungumza habari za miguu, Jenerose za unga, na alileta zile karatasi katika chupa ili kila mtu azione kwa macho yake. Nyumbakumi alizishika akazigeuza kwenye jua. Kijana yule wa nyuma akasema, "Wamepanga wote." Wapo walioamini hivyo mpaka leo, nimeacha kuwatafuta. Lakini Mama Nadine alichukua karatasi ya unga unaonuka, akaitazama sana, akasema na ile sauti yake nzito, "Mama yangu alikuwa analoweka mpaka mutaa wote unaziba pua. Mi nilikuwa naona haya." Akamgeukia nyumbakumi. "Muache huyu. Si yeye." Hakunitazama aliposema, na hakuniomba radhi, na mimi sikungoja aniombe. Nadine alikuwa mlangoni, ameshika fimbo mbili za mti ambazo mtu alimchongea. Unga ulibadilika, watu wakaambiwa waloweke, misaada ya maharagwe ikaja siku moja moja, na wagonjwa wapya wakapungua. Miguu ya Nadine haikurudi. Daktari alikuwa ameshasema haitarudi, na ilikuwa kweli. Nadine ndiye aliyenipigia simu siku chache kabla ya mazishi kuniambia Jenerose amefariki, na kwenye msiba alikaa karibu yangu, magongo yake chini ya kiti.

Mimi nilinunua mapipa, nikaanza kuloweka mwenyewe uani kwa Mzee Shabani, na Buyenzi yote ikalalamika kwa harufu. Waache walalamike, nilisema. Nimekwisha kuwa na jina baya, hili la kunuka ni dogo. Ndipo ilipoanzia mashine ya kwanza. Na Ijumaa moja, unga wa mapipa ya kwanza ulipokuwa tayari, Jenerose alikuja Buyenzi kwa miguu. Sikuwa nimemwalika. Alikaa kwenye kitanda cha Asha, baada ya kukikung'uta yeye mwenyewe, na vumbi likatuzunguka tukakohoa wote. Nikasonga bugali, nikapika ndagala kwa nyanya na sombe kidogo, yaani kisamvu. Nikaweka sahani moja katikati, kwa kuwa sikuwa na ya pili. Nikamwuliza kwa nini hakunywa chai yangu siku ile. Alinitazama kama hanielewi, kisha akacheka polepole. "Zuhura, mule ndani sinywi hata yangu. Mule kila kitu ni sumu, na vidole vyangu unaviona. Ni sheria ya labo. We ulifikiri nini?" Sikumwambia nilichofikiri. Miezi yote ile, na ilikuwa sheria ya labo.

Nikanyoosha mkono nimege tonge la kwanza, nile mbele yake, kama nilivyozoea. Akanitangulia. Alimega, akachovya, akala, hakungoja nionje.

"Umepima?" nikamwuliza.

"Apana. Leo mi ni mugeni."

Akamega tena. Nikatazama vile vidole vya manjano vikiingia katika bugali wangu, sahani yangu moja, upande wangu, na mkono wangu ukasimama hewani. Aliuona. Aliendelea kutafuna, macho yake kwenye kanga ya ukutani, akinipa nafasi. Upande wa pili Mzee Shabani akawasha mtambo, kanga ikatikisika.

"Nimenawa," akasema mwisho, "lakini haitoki."

Nikamega palepale alipomega yeye, nikala.